Kombe la Mwalimu Rauda

Mwalimu Rauda Bashari alizaliwa na wasiwasi wake, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote pale kijijini Sunut. Akifunga mlango wa darasa, hurudi mara tatu kulitikisa kufuli. Watoto wakienda kunywa maji kwenye mitungi, huwahesabu wakienda na huwahesabu wakirudi, na hesabu ikikubali huwahesabu tena, maana hesabu inayokubali mara moja humtia shaka. Wanafunzi walimwita Bi Wasiwasi. Mwenyewe alijua, na kila mwaka alipopewa darasa jipya alihofia kwamba hawa ndio watakaomwita hivyo mbele ya mkaguzi.

Kwa miaka kumi na tisa alifundisha darasa la kwanza katika shule ya wasichana, na hakutaka jingine. Walimu wenzake walilikimbia darasa hilo kama mtu anavyokimbia vumbi la Januari. Watoto wa darasa la kwanza wanalia, wana mafua, wanajikojolea, na ukimaliza mwaka nao hakuna anayekusifu, kwa sababu kila mtu anadhani kusoma ni kitu kinachokuja chenyewe kama meno. Rauda alijua hakiji chenyewe. Yeye mwenyewe alikaa darasani mpaka umri wa miaka tisa bila kujua neno lipi ni lipi. Alikuwa na sikio kali tu. Mwalimu akisoma ukurasa mara mbili, yeye ameshaudaka wote, anausema huku kidole kikitembea kwenye mistari, na mwalimu anapita akitikisa kichwa kwa furaha. Siku walipogundua alichapwa, na alichapwa kwa udanganyifu ambao hakujua kama ni udanganyifu. Aliamini kabisa kwamba huko ndiko kusoma.

Ndiyo maana darasani kwake hakuanza na majina ya herufi za Kiarabu. Watoto walimfikia wakiwa wameshapitia chuo cha Kurani cha Faki Tayyib, na majina walikuwa nayo yote, alifu mpaka ye, kwa pumzi moja. Rauda aliwaambia wayaweke mfukoni kwanza.

"Mbuzi anaitwa nani?" huwauliza siku ya kwanza.

"Mbuzi!"

"Na analiaje?"

Darasa zima linalia kimbuzi, na hapo ndipo anapoinua kadi yake. "Sasa huyu anaitwa mimu. Lakini analiaje?"

Wanafumba midomo na kuvuma mmmm, kila mtoto kidole puani ahisi pua inavyotetemeka. Be hulia kwa kupasua midomo, sini kwa meno, re kwa ncha ya ulimi. Mwalimu mkuu, Bi Ihsan, mwanamke mnene mwenye utani wa kuchoma, alikuwa akipita dirishani na kuuliza, "Rauda, nikuletee majani? Maana hili naona si darasa, ni zizi." Rauda hucheka kidogo, kisha hukaa siku nzima akijiuliza kama ulikuwa utani.

Mwaka huo wa kumi na tisa aliyekuwa akimnyima usingizi alikuwa Nusaiba. Alikuwa na miaka minane, magoti yake hayaingii chini ya dawati, amekaa darasa la kwanza kwa mara ya tatu katikati ya watoto wanaomfika kifuani. Baba yake alikuwa jangwani akichimba dhahabu, mama ameolewa tena Atbara, na mtoto analelewa na bibi yake, Hajja Sitana, msukaji wa mikeka. Nusaiba alikuwa na sikio kama la Rauda. Alisema ukurasa wowote uliosomwa mbele yake, bila kukosa hata irabu. Siku moja Rauda akakichukua kitabu chake kwa upole, akakigeuza kichwa chini na kumrudishia. Nusaiba akaendelea kusoma vile vile, vizuri kabisa. Rauda alitoka nje akasimama nyuma ya mitungi mpaka moyo wake ukatulia.

Sheria ya shule ilikuwa moja na Bi Ihsan hakuichezea: anayeshindwa mtihani wa kusoma mara tatu, jina lake linafutwa. Msimamizi wa mtihani hafuati kitabu. Anaandika ubaoni maneno anayoyataka yeye, na hapo sikio halisaidii kitu. Zilibaki wiki tano.

Basi Rauda akatengeneza kadi za nyumbani. Alichukua dumu tupu la mafuta ya kupikia, akalikata vipande saba, akavisugua kingo kwa jiwe visije vikamkata mtoto, kisha akaandika kila kimoja herufi moja kwa makapeni, kalamu nene ya wino wa bluu aliyoinunua sokoni Karima. Alihofia herufi saba ni nyingi. Kisha akahofia ni chache. Alhamisi akazifunga kwa uzi na kumpa Nusaiba.

"Mpelekee bibi. Mwambie mwalimu kasema mkae nazo Ijumaa na Jumamosi, mpaka uzijue zote."

Alijua ingefaa aende mwenyewe kueleza. Lakini Hajja Sitana aliwahi kumsimamisha sokoni, mbele ya wauza tende, akamwambia, "Mjukuu wangu Kurani anaishika upesi kuliko wavulana. Kama kwako hashiki, tumtafute mjinga ni nani kati yenu." Watu walicheka. Tangu hapo Rauda akimwona yule bibi amejitanda tobe yake hubadili njia. Kwa hiyo hakwenda, na hilo ndilo alilokuja kujilaumu kuliko yote.

Jumapili asubuhi Nusaiba akaweka kadi mezani kwa mwalimu. Vipande saba, vyeupe, visafi, havina hata nukta.

"Nani kazifuta?"

"Hakuna aliyezifuta, Mwalimu."

"Sasa herufi zimekwenda wapi?"

Mtoto akajishika tumbo kwa fahari. "Ziko humu. Bibi kaziosha kwenye bakuli, akatia asali. Nimekunywa asubuhi kabla ya chai."

Darasa likaangua kicheko. Rauda hakucheka. Alielewa yote mara moja. Nani pale Sunut hajanywa kombe? Faki anaandika aya kwenye ubao wa mbao, inaoshwa, maji yananywewa, na mgonjwa anapona au mtoto anafunguka akili. Yeye mwenyewe alilinywa kabla ya kila mtihani, na alilipenda lilivyokuwa na ladha ya moshi. Lakini wino wa faki ni masizi ya sufuria na gundi ya mgunga. Wino wake yeye ulinuka hata watoto wa safu ya mbele walipiga chafya akifungua kifuniko.

"Unasikia nini tumboni?"

"Herufi," akasema Nusaiba, na watoto wakacheka tena.

Kabla ya kengele ya chakula cha asubuhi mtoto alikuwa ametapika mara mbili, na matapishi yalikuwa na rangi ya bluu. Rauda alimbeba mgongoni, mtoto mrefu miguu ikining'inia, akavuka uwanja wa shule na njia ya mitende mpaka zahanati, tobe yake nyeupe ya ualimu ikiburuta vumbi. Njia nzima alikuwa akisema, "Usilale, Nusaiba. Mimu inaliaje? Niambie mimu inaliaje."

Tabibu Abbas, kijana aliyehamishiwa Sunut mwaka mmoja nyuma, alimlaza kitandani, akamfungua kope, akamsikiliza tumbo.

"Kalamu yenyewe iko wapi?" akauliza. "Lazima imeandikwa ina nini ndani. Nenda ukailete, dada yangu, tuisome."

Rauda alikimbia. Mwanamke wa miaka arubaini na tatu, mbele ya wanaume wote waliokaa dukani, alikimbia. Alipoitoa ile makapeni mezani hakungoja kufika zahanati, akaigeuza palepale apate kusoma.

Maandishi yalikuwepo, tena mengi, madogo madogo, yamezunguka kalamu yote. Yalikuwa ya Kichina.

Alisimama na kuyatazama. Pengine yalisema wino huu hauna madhara hata kwa mtoto mchanga. Pengine yalisema ukimezwa unaua. Jibu lilikuwa hapo, chini ya kidole chake, na halikutoa sauti. Alama moja ilijirudia mara tatu, akaikodolea macho akidhani kwa kuwa inajirudia itamwambia kitu, na haikumwambia. Akaigeuza kalamu juu chini, akaona hajui hata upande upi ndio wa juu. Machozi yakamtoka. Alikumbuka vizuri jinsi ilivyokuwa kuwa na miaka tisa, na akamwogopea Nusaiba kwa namna nyingine kabisa, maana mtoto yule alikuwa akiishi hivi kila siku, saa tano kwa siku, mwaka wa tatu huu, na watu wanamwambia atazame vizuri.

Tabibu Abbas naye aliigeuza kalamu, akainusa, akainua mabega. "Inanuka spiriti. Kanywa kiasi gani?"

"Sijui."

"Muulize aliyemnywesha. Mimi nabaki naye."

Kwa hiyo safari hii hapakuwa na kubadili njia. Hajja Sitana alikuwa ameketi uani juu ya kipande cha mkeka, chane za ukindu mdomoni. Alimsikiliza Rauda mpaka mwisho bila kuacha kusuka, lakini mikono yake ilianza kukosea.

"Anatapika? Mjukuu wangu?"

"Yuko na tabibu. Hajja, wino ule si wa kunywa."

"Kama si wa kunywa, mbona uliuandika juu ya kitu kinachooshwa?" Bibi akautupa ukindu. "Unaniletea ubao, herufi zimeandikwa vizuri, mtoto anasema mwalimu kasema tukae nazo mpaka zimwingie. Mimi nifanye nini nazo? Nizisome?"

"Ulimpa kiasi gani?"

"Bakuli. Hili la chai." Kisha akasita. "Nusu yake."

"Na nusu nyingine ulimwaga?"

Hajja Sitana akatazama pembeni, kwenye ukuta wa udongo, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mkononi.

"Nilikunywa mimi."

"Wewe?"

"Ndiyo, mimi. Unashangaa nini? Nina miaka sitini na saba. Faki wa enzi zetu aliwaandikia wavulana, sisi tulichota maji. Hakuna mtu aliyewahi kuleta herufi humu ndani. Zimekuja mara moja, nikaziache zote kwa mtoto?"

Rauda akapiga magoti kwenye vumbi mbele yake, akamshika mkono kama anayetafuta mapigo ya moyo. "Unajisikiaje, Hajja? Tumbo? Kichwa? Macho yanaona?"

"Nimekula bakuli zima la maharage ya ful, na nimekugombeza. Sijisikii vibaya." Akainuka huku akijitanda tobe. "Nipishe. Twende kwa mtoto."

Walikwenda pamoja, bibi mbele, mwalimu nyuma, na njiani Rauda alimtazama yule mzee anavyotembea, kama atayumba. Hakuyumba. Kila hatua yake ilimpa Rauda pumzi kidogo.

Mpaka alasiri Nusaiba alikuwa ametapika mara moja tu zaidi, na haikuwa tena bluu. Kisha akaketi, akaomba chai ya maziwa na andazi. Abbas alisema huenda ulikuwa wino, huenda asali juu ya tumbo tupu, na yeye hataki kuapa. Bibi alimkumbatia mjukuu wake akawa anamsomea dua sikioni. Rauda alitoka akakaa kwenye benchi la nje.

Hapo ndipo Bi Ihsan alipofika, anahema, habari zimemfika zikiwa zimeongezwa chumvi.

"Nimeambiwa umemlisha mtoto makapeni."

"Yuko salama."

"Alhamdulillahi. Lakini sikiliza, Rauda. Milio yako ya mbuzi nimeivumilia, madumu nimeyavumilia. Huyu mtoto hawezi, na wewe unajua hawezi. Namfuta leo, akae na bibi yake asuke mikeka, kabla hujamnywesha na chaki."

Kwa miaka kumi na tisa Rauda hakuwahi kumpinga mwalimu mkuu, si kwa sababu alikubaliana naye, ila kwa sababu usiku asingelala kwa hofu. Sasa aliinuka kwenye benchi.

"Bado wiki tano, Ihsan. Usimguse. Zikiisha hajasoma, futa jina lake, na langu liandike darasa lolote unalotaka."

"Darasa la tano hawalii kama mbuzi," akasema Bi Ihsan, na akaingia ndani kumjulia hali mtoto. Hakusema ndiyo, lakini daftari lake la majina lilibaki kwapani.

Kesho yake Rauda akabisha hodi kwa Faki Tayyib, akamweleza na kumwomba chupa ya wino wake. Faki alicheka mpaka kilemba kikakaa upande.

"Umekuja kunichukulia kazi, Ustadha? Chukua. Lakini madumu hayashiki wino huu. Andika kwenye mbao." Akamchagulia vipande saba vya sanduku la chai, akavipaka udongo mweupe. Alipomkabidhi chupa akaongeza, hivi hivi, kama jambo ambalo kila mtu analijua, "Na mwambie Sitana amekosea mpangilio. Hapa kwangu hakuna mtoto anayeosha ubao kabla hajaushika. Anausoma kwanza mbele yangu, ndipo anauosha."

Rauda alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka. Alilijua hilo tangu utotoni, aliliishi, na halikumjia kichwani hata mara moja. Alitoka hapo akaenda moja kwa moja uani kwa Hajja Sitana, akaketi juu ya mkeka ambao haujaisha, akamwonyesha kila herufi inavyolia. Bibi alifumba midomo akavuma mmmm mpaka Nusaiba akajificha uso kwa kicheko.

"Haioshwi mpaka ailize," Rauda akasema. "Moja baada ya moja. Na asichungulie uso wako, Hajja. Usimwambie wewe kwanza, maana akisikia tu, ameshaidaka."

"Mimi nitamwambia vipi, na mimi mwenyewe sizijui?" akasema bibi. "Kwangu hana cha kudaka."

Jumapili iliyofuata Rauda alikuwa langoni kabla ya bawabu. Upepo wa baridi ulikuwa ukivuma kutoka jangwani. Alihesabu wasichana wakiingia. Alimwona Nusaiba kwa mbali, kichwa juu ya wenzake, na kifurushi mkononi. Akakifungua mwenyewe kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Mbao saba. Zimeoshwa zote, safi.

Hakuthubutu kuuliza. Aliokota kijiti, akachuchumaa, na kwenye mchanga wa langoni akaandika herufi tatu kati ya zile saba, dali, alifu, re, neno ambalo hakuwahi kulisoma mbele ya darasa mwaka ule. Aliliandika kwa upande wake, kwa hiyo kwa Nusaiba aliyesimama mbele yake lilikuwa limelala kichwa chini. Hakuwa amekusudia. Alipogundua akataka kulifuta, lakini mkono ukachelewa.

Nusaiba aliinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. Akakunja uso.

"Mwalimu, kutoka huku limepinduka," akasema.

Akazunguka, akaja kusimama bega kwa bega na mwalimu wake, akanyoosha kidole. Aliiliza ya kwanza, akaivuta ya pili, akaitetemesha ya tatu kwa ncha ya ulimi. Akarudia haraka zaidi.

"Dar," akasema Nusaiba. "Nyumba. Hii ni nyumba, Mwalimu."

Rauda alilitazama lile neno mpaka likaanza kuloa machoni pake. Watoto walikuwa wakipita pembeni na hakuwa amewahesabu.

"Kumbe kombe limekufaa," akasema.

"Sikunywa, Mwalimu. Bibi kanywa lote." Nusaiba akazikusanya mbao zake, akazifunga uzi. "Anasema mimi nimeshazisoma. Yeye ndiye bado."